Kifaranga mwenye miguu iliyopinda: siku tatu za kumwokoa

Mara nyingi mtoto ndiye wa kwanza kujua. Mama yuko jikoni, baba ameshatoka, na mtoto ameinama kwenye kona ya stoo ambako mtetea amekuwa akiatamia kwa wiki tatu. Anahesabu. Kumi wamesimama, manyoya yameshakauka, wanapenya chini ya bawa la mama yao na kutoka tena. Wa kumi na moja amelala kifudifudi. Mguu mmoja umekwenda kushoto, mwingine kulia, kama mtu aliyeteleza kwenye tope, naye analia bila kupumzika.

Kinachofuata katika kaya nyingi, Mlali wilayani Kongwa na kwingineko nchini, hakichukui hata dakika mbili. Mtu mzima anaitwa, anatazama, anamwokota kifaranga kwa mguu na kwenda kumtupa nyuma ya nyumba. Si ukatili. Mfugaji wa kuku wa kienyeji ameshazoea hasara: mwewe anachukua wake, kicheche anachukua wake, na mdondo ukiingia unaweza kufagia banda zima kwa wiki moja. Kifaranga mmoja asiyesimama si habari.

Kwa mtoto ni habari. Na Mlali ni mahali ambapo habari hiyo ina uzito wake, kwa sababu kijiji hiki kinajulikana mbali kwa kituo chake cha watoto wenye ulemavu wa viungo, kazi ya wamisionari Wakapuchini wa Kanisa Katoliki. Watoto huletwa hapo ili miguu yao inyooshwe, wafunzwe kutembea, wapewe viatu maalumu na magongo. Mtoto anayekulia kijiji cha namna hii amewaona wenzake wenye vyuma miguuni. Akimwona kifaranga mwenye miguu iliyopinda akirushwa nyuma ya choo, ana haki ya kuuliza kwa nini huyu atupwe, na mzazi anatakiwa awe na jibu.

Jibu la kwanza ni kwamba mara nyingi hakuna haja ya kumtupa.

Miguu iliyopanuka

Tatizo la kawaida kuliko yote ni hilo la miguu kwenda pembeni. Mifupa yenyewe huwa mizima. Kilicholegea ni misuli na mishipa ya nyonga, na kifaranga akiendelea kulala hivyo kwa siku kadhaa, miguu hukomaa katika mkao huohuo.

Sababu kubwa ni sakafu. Kifaranga aliyeanguliwa kwenye saruji laini, kwenye beseni la plastiki au juu ya gazeti hukosa pa kukanyagia, na kila akijaribu kuinuka anateleza. Wanaotumia mashine za kutotolesha hukutana na tatizo hili zaidi, hasa umeme unapokatika na joto likawa linapanda na kushuka. Joto linalotakiwa kwenye mashine ya kawaida yenye feni ni nyuzi 37.5, na kupotoka kidogo tu kwa muda mrefu huonekana kwenye miguu, vidole na midomo ya vifaranga. Mtetea hana tatizo la umeme, lakini naye akitagia ndani ya karai lisilo na nyasi matokeo ni yaleyale.

Tiba ni kumfunga miguu, na ifanyike siku ya kwanza au ya pili. Ikifika siku ya tatu bado kuna matumaini mazuri. Baada ya wiki matumaini ni madogo.

Chukua plasta ya kidonda ile ya kitambaa, ikate kwa urefu ipatikane mkanda mwembamba wa karibu nusu sentimita. Mtu mmoja amshike kifaranga kwa mikono miwili, kwa upole, mgongo ukiwa kiganjani. Mwingine azungushe mkanda kwenye mguu mmoja, juu ya vidole na chini ya goti, auvute hadi mguu wa pili na kuuzungusha huko, halafu sehemu ya katikati ajikunje igandane yenyewe isishike manyoya. Kati ya mguu na mguu ibaki nafasi ya sentimita 2 hadi 2.5. Kipimo kizuri zaidi kuliko rula ni ndugu zake: mtazame kifaranga mzima anavyosimama, halafu mpe mgonjwa nafasi ileile au kubwa kidogo tu. Pasipo na plasta, uzi wa kufumia sweta unafaa. Uzi wa cherehani haufai hata kidogo, unakata ngozi.

Dakika za mwanzo zitamtisha mtoto anayetazama. Kifaranga ataanguka mbele, ataanguka nyuma, atapiga kelele. Mwekeeni taulo iliyokunjwa kila upande imshikilie. Baada ya saa chache wengi hujifunza kuruka ruka, na kufikia kesho yake wanatembea kwa hatua fupi kama mtu aliyevaa khanga iliyobana.

Chini pawe na kitu chenye kukwaruza: kipande cha gunia la katani, taulo kuukuu, maranda makavu ya mbao. Tazama vidole asubuhi na jioni. Vikivimba au kuwa vyeusi, umekaza, fungua mara moja. Siku ya tatu mfungue ujaribu. Akisimama sawa kwa saa nzima, kazi imekwisha. Akianza kuteleza tena, funga siku mbili nyingine. Siku tano kwa kawaida zinatosha.

Vidole vilivyokunjamana

Wengine miguu iko sawa lakini vidole vimejikunja kama ngumi, na kifaranga anatembelea maungio. Hawa hutengenezewa kiatu. Kata kipande cha kadi ngumu, mfano boksi la dawa ya meno, chenye upana unaozidi kidogo unyayo wake. Nyoosha vidole kimoja kimoja juu ya kadi, vitatu mbele na kimoja nyuma, kisha vifunike kwa mkanda wa plasta. Vidole vya kifaranga wa siku moja ni laini na hukubali haraka, wakati mwingine siku moja au mbili tu. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufanya kazi hii vizuri kuliko baba yake mwenye vidole vinene.

Ila vidole vilivyokunjamana vinaweza kuwa na ujumbe kuhusu mama wa kifaranga. Moja ya sababu zake ni upungufu wa vitamini B2 katika chakula cha mtetea alipokuwa akitaga. Ukiona wawili watatu kwenye kizazi kimoja, usiishie kwenye kadi. Nunua vitamini za kuku kwenye duka la dawa za mifugo, zile za kuchanganya na maji, uwape vifaranga wote kwa siku tano.

Kuna hali inayofanana na hizi ambayo ni mbaya zaidi. Goti limevimba, limekuwa bapa, na mguu umegeuka kabisa kuelekea nyuma au pembeni. Hapo mshipa mkubwa wa nyuma ya goti umetoka kwenye mfereji wake. Mara nyingi hutokana na kukosa madini ya manganizi, na plasta haiwezi kuurudisha. Anayebahatika kuuona saa zilezile za kwanza anaweza kuusukuma urudi kwa kidole, lakini wengi hawafanikiwi.

Mdomo na shingo

Mdomo uliopishana kama mkasi hauna tiba ya nyumbani. Unaweza usionekane siku ya kwanza, ukajitokeza kadiri anavyokua, na mara nyingi ni wa kurithi. Hata hivyo kuku huyu huweza kuishi akiwekewa chakula kilicholowekwa, kwenye bakuli lenye kina ili achote badala ya kudonoa. Atakuwa mdogo kuliko wenzake.

Shingo iliyopinda inahitaji tahadhari. Kifaranga aliyeanguliwa akiwa anatazama juu au nyuma huenda amekosa vitamini B1 au E, na baadhi yao hupona kwa vitamini na kulishwa kwa mkono. Lakini kuku aliyekuwa mzima, kisha shingo ikapinda huku wengine wakizubaa, wakikoroma na kuharisha kijani, huo ni mdondo mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Huyo si wa kuingizwa jikoni na mtoto. Mtenge, mwite afisa mifugo wa kata. Mdondo hauna dawa. Una chanjo, na ile ya matone ya jicho ya aina ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingine, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Boksi la jikoni

Mtetea wa kienyeji hakai kwenye kiota zaidi ya siku moja au mbili baada ya kuangua. Anatoka na wanawe kwenda kuchakura, na asiyeweza kufuata anaachwa. Ndiyo maana mgonjwa anahitaji boksi lake, akiwa na ndugu mmoja mzima. Kifaranga wa peke yake hulia mpaka nguvu zinamwishia, na ndugu pia humfundisha kudonoa.

Siku ya kwanza asipokula msihangaike. Kiini cha yai alichokivuta tumboni saa za mwisho kabla ya kuanguliwa humtosha kwa siku mbili, hata tatu. Anachohitaji mapema ni maji. Chovya ncha ya mdomo wake, au tone moja likae pembeni mwa mdomo alilambe mwenyewe. Anayefungua mdomo wa kifaranga na kumimina maji humwua kwa kumpalia. Baadaye mpe kiini cha yai lililochemshwa, kilichofikichwa, au chakula cha vifaranga kilicholowekwa kidogo. Chombo cha maji kiwe kifuniko cha chupa chenye vijiwe ndani, kwa sababu aliyefungwa miguu akitumbukia hatoki.

Joto ndilo gumu zaidi. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Juni na Julai katika uwanda wa Dodoma joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 13. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, ikibadilishwa kabla ya kulala na tena alfajiri, inafanya kazi. Vifaranga wakijikusanya na kulia wana baridi, wakijitenga huku midomo wazi wamezidiwa joto.

Wengi hukimbilia chungu cha mkaa. Hapa mzazi awe mkali. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua vifaranga na inayoua watu waliolala. Boksi la kifaranga na jiko la mkaa visilale chumba kimoja na watoto, hata kama mtoto amelia kutaka kulala na mgonjwa wake.

Na mikono. Vifaranga hubeba vijidudu vya kuharisha wakiwa wazima kabisa machoni. Mtoto aoshe mikono kwa sabuni kila amshikapo, asimbusu, asile akiwa amemshika. Aliye chini ya miaka mitano atazame tu, kaka au dada yake ashike.

Jogoo yuleyule miaka mitano

Nyumba inayopata vifaranga wenye kasoro kila mara isiishie kununua plasta. Iangalie banda.

Mtetea anayekula mahindi na makombo ya ugali peke yake hutaga, lakini mayai yake ni maskini. Mahindi yana manganizi kidogo sana, wakati pumba zinayo kwa wingi. Kongwa haina shida ya pumba, soko kubwa la mahindi la Kibaigwa liko wilaya hiihii. Mashudu ya alizeti yapo, dagaa wa kusaga kidogo wanapatikana, na majani mabichi ya mlonge, mchicha au ya mlenda wakati wa mvua humpa vitamini asizopata kiangazi. Kiangazi ndicho kipindi cha kumwangalia zaidi mtetea anayetaga.

Halafu jogoo. Katika kaya nyingi jogoo mmoja anatawala miaka, anapanda binti zake, kisha wajukuu zake. Kasoro zilizojificha kwenye damu huanza kukutana. Njia rahisi ni kubadilishana jogoo na jamaa wa kijiji cha mbali kila mwaka au miaka miwili, wala haihitaji fedha. Na kuku aliyepona ulemavu wa kuzaliwa aishi, atage, mayai yake yaliwe, lakini asiatamishwe. Hilo mtoto aambiwe mapema, asije akaandaa kiota.

Wakati wa kumwacha aende

Wapo ambao hawatapona. Aliyeanguliwa na kiini kikiwa bado nje ya tumbo na kinavuja, aliye na ubongo wazi, asiyeweza kushika kichwa wala kumeza baada ya siku mbili tatu za kulishwa, mwenye goti lililotoka na kulia kila akiguswa. Kuendelea kumshika huyo ni kumrefushia maumivu.

Uamuzi huo ni wa mtu mzima, wala usikabidhiwe mtoto. Na ukishafanywa ufanyike kwa haraka na kwa mkono wa anayejua kuchinja. Kumtupa akiwa hai nyuma ya nyumba ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa anaweza kulia hadi jioni, na mtoto akamsikia. Asidanganywe kwamba kifaranga amekwenda kwa mama yake. Aelezwe kwamba alikuwa anaumia, hakuweza kula, na kwamba kazi aliyoifanya yeye haikuwa bure.

Mtoto si kifaranga

Sentensi hiyo inafaa isemwe wazi nyumbani, kwa sababu watoto huunganisha mambo kimyakimya. Anayesikia kuku wa hivi hafai anaweza kumfikiria mdogo wake, au yule wa dawati la pili. Kuku hufugwa aliwe na kuuzwa, thamani ya binadamu haipimwi kwa miguu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumza juu ya haki zao za elimu, afya na kazi, na maneno ya nyumbani yangepaswa kuifuata. Kiswahili cha zamani kiliwapanga kiwete, kipofu, kiziwi na kilema kwenye safu moja na kiti na kijiko. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, na mtoto anaweza kuzoea neno hilo akiwa bado bandani, kabla hajafika shuleni. Bibi atakuwa na lake la kuongeza, hujafa hujaumbika, na hakuna haja ya kumkatiza.

Lakini jambo moja la bandani linafanana kweli na la binadamu, nalo ni saa. Kuna watoto wanaozaliwa nyayo zikiwa zimegeukia ndani, hali inayoitwa miguu kifundo, karibu mtoto mmoja katika kila 1,000. Mifupa ya kichanga bado ni laini, na njia inayotumika duniani kote, iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, haianzi na upasuaji mkubwa. Mguu unanyooshwa kidogo kwa mkono na kufungwa plasta ya hospitali, wiki inayofuata unanyooshwa tena, mara tano hadi nane. Wengi hukatwa kidogo mshipa wa kisigino, jeraha dogo tu. Baadaye ni viatu vyenye chuma katikati, mchana na usiku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi miaka minne au mitano.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazotoa tiba hii nchini. Wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa ndizo bora. Mzazi anayeambiwa asubiri mtoto akue kwanza, au anayeficha miguu ndani ya khanga mpaka majirani wazoee, anapoteza wakati ambao ndio wenye nafuu. Na wanaofika mapema lakini wakaacha viatu vya usiku mtoto alipoanza kutembea, kwa sababu ameshapona, huiona miguu ikirudi kupinda.

Wa kumi na moja

Kifaranga akishafunguliwa na kutembea vizuri kwa siku mbili, arudishwe kwa mama yake usiku, achomekwe taratibu chini ya bawa pamoja na yule ndugu wa boksi. Mchana mtetea anaweza kumdonoa kama mgeni. Alfajiri mtu awepo kutazama. Akikataliwa, atalelewa boksini hadi aote manyoya ya kutosha, wiki tano au sita, ndipo ajiunge na wenzake.

Kufikia hapo atakuwa na jina. Hiyo ndiyo gharama ambayo hakuna mtaalamu wa mifugo anayeitaja. Miezi kadhaa baadaye mgeni wa heshima atafika bila taarifa, saa tano asubuhi, na kuku aliye karibu na mlango, asiyeogopa watu, rahisi kukamatwa, atakuwa yuleyule. Mzazi mwenye busara atamtuma mtoto akamkamate mwingine.